Maswali ya Wasomaji: Ruzuku ya Kuleta Ajira Hutolewa kwa Nani, na Hulipia Nini?

Katika toleo lililopita tuligusia kwa kifupi ruzuku zinazotolewa na serikali na wafadhili ili kuzalisha ajira katika maeneo ambayo uchumi wake umedorora. Barua zilizofuata, nyingi zikiwa za Moshi na Arusha, zimetosha kujaza safu nzima. Nimechagua nne, na majina ya walioandika nimeyaacha kwa kuwa baadhi yao waliomba hivyo.

Swali. Shikamoo Mzee wa Safu. Sisi ni akina mama kumi na wawili wa Pasua, Manispaa ya Moshi. Tuna kikundi cha ushonaji chenye vyerehani vitatu vya kukanyaga na kimoja cha umeme. Mpwa wangu anayeishi Marekani ameniambia kwamba huko serikali hutoa fedha zisizorejeshwa kwa maeneo yenye shida ya ajira. Mwenzetu mmoja anasema hata hapa fedha hizo zipo, ila zinaishia kwa wenye kujuana. Je, ni kweli? Na sisi twende wapi?

Jibu. Marahaba mama, na salamu kwa wenzako wote. Mpwa wako hakukudanganya, ila ni vizuri ujue fedha hizo hupewa nani. Mwaka 1965 Marekani ilitunga sheria ya kazi za umma na maendeleo ya uchumi, na chini ya Wizara ya Biashara ikaundwa idara inayojulikana kwa kifupi cha EDA, ambayo kazi yake ni kupeleka fedha katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Eneo halitangazwi kuwa na shida kwa sababu mbunge wake ana sauti kubwa, hupimwa. Kipimo kimoja ni kwamba kiwango cha watu wasio na ajira, kwa wastani wa miezi 24 ya karibuni, kiwe kimezidi wastani wa taifa kwa angalau pointi moja ya asilimia. Kipimo kingine ni kwamba wastani wa kipato cha kila mkazi usizidi asilimia 80 ya ule wa taifa. Lipo pia dirisha la mahitaji maalumu, kwa mfano kiwanda kikubwa kinapofungwa ghafla au maafa yanapotokea.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hulipita. Anayepokea fedha hizo si mtu binafsi wala mwenye kampuni. Hupokea serikali ya mji au ya wilaya, chuo, au taasisi isiyogawana faida, na mpokeaji naye hutakiwa kuchangia: serikali kuu hulipa sehemu tu ya gharama, na sehemu yake huongezeka kadiri hali ya eneo inavyokuwa ngumu. Fedha hizo hulipia bomba la maji hadi eneo la viwanda, barabara ya kuingilia, jengo ambalo wajasiriamali wadogo hupanga kwa bei nafuu, mafunzo ya ufundi, au mfuko wa mikopo unaozunguka. Mwenye kiwanda hawezi kuvuta bomba la kilomita kadhaa kwa ajili yake peke yake, na mji maskini hauna makusanyo ya kulivuta, kwa hiyo kiwanda hakiji na mji unazidi kudidimia. Ruzuku huingia hapo, ikalipia kitu kile kimoja ambacho hakuna mfanyabiashara mmoja anayeweza kukilipia. Baada ya hapo ajira huletwa na kiwanda, na kiwanda huletwa na wateja wake. Iko pia programu nyingine ya huko, chini ya wizara inayoshughulikia afya na huduma za jamii, ambayo hutoa ruzuku kwa mashirika ya maendeleo ya jamii ili yaanzishe au yapanue biashara, kwa sharti kwamba angalau asilimia 75 ya ajira zitakazopatikana ziende kwa watu wa kipato cha chini. Hiyo inakaribia zaidi hali yenu, lakini hata hiyo haimlengi mtu wa nje ya Marekani.

Hapa kwetu hakuna idara moja yenye kazi hiyo peke yake, na ndiyo maana watu huchanganya mambo. Fungu lililo karibu nanyi zaidi ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaagiza itengwe kwa mgawanyo wa asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Hilo ni fungu la mikopo isiyo na riba. Nasisitiza kwamba ni mikopo, kwa kuwa vipo vikundi vilivyogawana fedha siku ileile zilipoingia kwenye akaunti, vikamwachia mwekahazina kazi ya kukimbizana na marejesho. Malalamiko ya mwenzenu kuhusu kujuana nayo hayakutoka hewani. Mwezi Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hiyo ili kuupanga utaratibu upya, baada ya taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kueleza mara kwa mara habari za marejesho yasiyokusanywa na vikundi hewa, na mikopo ikarejeshwa mwaka 2024. Pamoja na kasoro hizo, kwa kikundi chenye vyerehani vinavyofanya kazi na daftari la mauzo linaloeleweka, mkopo usio na riba ni nafuu kubwa kuliko kausha damu zinazowangojea akina mama kila kona ya soko la Mbuyuni, na mimi ningeanza hapo kabla ya kumwandikia mfadhili yeyote. Mlango wake ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu, ambaye ndiye pia atakayewaongoza katika usajili wa kikundi kama bado hamjasajiliwa.

Ruzuku kwa maana ya fedha zisizorejeshwa mtaikuta TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, iliyoanza mwaka 2000, lakini hiyo huifuata kaya iliyotambuliwa na jamii yake kuwa maskini sana, si kikundi kilichojiunda chenyewe. Balozi kadhaa zina mafungu madogo ya miradi ya jamii. Lile la Japani, kwa mfano, hutolewa kwa asasi zisizogawana faida na kwa serikali za mitaa, na hulipia majengo na vifaa, si mishahara wala gharama za kuendesha shughuli. Mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ulioanza mwaka 1992 na kuendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, hupokea maombi ya asasi za kijamii, na kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kimekuwa dola 50,000 kwa mradi, ila lazima mradi uhusiane na mazingira. Ushonaji wa sare hauingii humo hata ukiandikwa kwa ufundi wa namna gani, na nawaomba msimlipe mtu wa kuwaandikia andiko linalosingizia kwamba unaingia.

Fedha za Marekani zilizokuwa zikija moja kwa moja kwa wazalishaji zimepungua sana. USADF, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya Bunge la nchi hiyo mwaka 1980, ilikuwa ikitoa ruzuku hadi dola 250,000 kwa vyama vya ushirika na biashara za wazalishaji wadogo barani Afrika. Mwezi Februari 2025 Rais wa Marekani aliamuru ipunguzwe hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria, na Julai mwaka huohuo USAID, shirika kuu la misaada la nchi hiyo, nayo ikafikia mwisho wa shughuli zake. Nalitaja hili kwa sababu wapo waliokwisha kupanga fremu na kuajiri watu kwa ahadi ya ruzuku iliyokuwa bado haijasainiwa.

Tuje sasa kwenye chumba chenu cha kushonea, maana swali kubwa zaidi liko humo. Tuseme sare moja ya shule ya msingi inawabakizia shilingi 4,000 baada ya kutoa kitambaa, uzi, vifungo, zipu na umeme, na fundi mmoja anamaliza nne kwa siku. Kwa siku 25 za kazi hizo ni shilingi 400,000, na hapo mtu anaweza kusema kwa haki kwamba amepata ajira. Lakini sare zina msimu: Desemba na Januari shule zinapojiandaa kufunguliwa, kisha Julai kidogo kidato cha tano wanapoingia. Kati ya hapo vyerehani hufunikwa kanga. Mfadhili akiwaletea vyerehani vingine vinane kesho asubuhi, mtakuwa na vyerehani kumi na viwili vilivyofunikwa kanga, na fundi ataendelea kulipwa miezi mitatu kwa mwaka.

Kwa hiyo kabla ya kuomba mashine, tafuteni miezi tisa iliyobaki. Mahafali ya shule na vyuo, ambayo kwa sehemu kubwa huangukia kati ya Septemba na Desemba, yanahitaji majoho. Kwaya za makanisa ya mji wenu hazijawahi kuacha kubadilisha sare. Kampuni za kupandisha watalii mlimani hununua mifuko ya turubai ambayo wagumu, yaani wapagazi, hubebea mizigo, na mingi huchanika na kuhitaji kushonwa upya kila msimu. Yapo pia mashuka na mapazia ya vituo vya afya, na hapa sheria iko upande wenu: taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, mradi kikundi kiwe kimesajiliwa na kuingia katika mfumo wa ununuzi wa NeST. Nashangaa ni vikundi vichache kiasi gani vinavyoulizia fungu hilo, ilhali vinapanga foleni kwa mikopo.

Mkishapata hata barua mbili za wanunuzi walio tayari, andiko lenu linabadilika kabisa. Badala ya kuandika kwamba ninyi ni wajane na akina mama wenye shida (jambo ambalo msomaji wa maandiko hukutana nalo katika kila bahasha), mnaandika kwamba kuna oda hii, inayohitaji mashine ya overloki na ya kushonea matundu ya vifungo ambazo hamna, na kwamba mashine hizo zikipatikana watu wanne watakuwa na kazi ya mwaka mzima. Ombeni kitu ambacho mkopo haukibebi vizuri: mafunzo ya VETA kwa wale watakaozitumia, kuvuta umeme wa njia tatu kama mashine mlizochagua zinauhitaji, meza kubwa ya kukatia. Kitambaa na uzi vinunuliwe kwa mtaji unaozunguka, kwa maana ruzuku iliyoliwa kwenye kitambaa huisha na kitambaa. Na katiba ya kikundi iseme waziwazi mashine ni mali ya nani, nani analipia fundi zikiharibika, na mwanachama akiondoka anachukua nini. Kifungu hicho kinachosha kukijadili, na ndicho kilichovunja vikundi vingi zaidi kuliko ukosefu wa fedha.

Swali. Habari za kazi, Mwandishi. Mimi ni kijana wa Unga Limited, Arusha. Baba yangu alifanya kazi General Tyre hadi kiwanda kiliposimama, na mimi sasa naziba pancha na kubadilisha matairi kwenye gereji ya mtu. Kama ruzuku zinaweza kuleta ajira, kwa nini zisitumike kufufua kiwanda kile kuliko kugawiwa vikundi vidogo vidogo?

Jibu. Hoja yako ina uzito, na nitaijibu bila kuizunguka. Kiwanda cha General Tyre, ambacho Serikali ilikimiliki kwa asilimia 74 na kampuni ya Continental ya Ujerumani kwa asilimia 26, kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na waliopoteza kipato hawakuwa wale tu waliokuwa wakiingia kwenye geti la Njiro. Kiwanda kilikuwa na mashamba ya mpira Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero. Kulikuwa na madereva, mama lishe, wenye nyumba za kupanga. Ajira ya kiwanda kikubwa hubeba nyingine nyingi nyuma yake, na ni kweli kwamba hakuna kikundi cha watu kumi kitakachofanya kazi hiyo.

Hata hivyo, kiwanda cha matairi hakisimami kwa kukosa fedha ya kuanzia peke yake. Husimama pale mitambo inapochakaa, tairi la kutoka nje linapofika dukani kwa bei ya chini kuliko gharama ya kulitengeneza hapa, na madeni yanapozidi mauzo. Ruzuku ikinunua mitambo mipya na matatizo mawili ya mwisho yakabaki, kiwanda kitafunguliwa kwa sherehe na kufungwa kimyakimya. Ndiyo sababu nchi zilizozoea kuona viwanda vikifa hazipeleki ruzuku zake kwa kampuni iliyokufa. Umoja wa Ulaya ulianzisha mfuko mwaka 2007 kwa ajili ya wafanyakazi wanaoachishwa kwa wingi, na mfuko huo hulipia mafunzo mapya, ushauri wa kutafuta kazi na msaada wa kuanzisha biashara ndogo. Kampuni yenyewe haipati hata senti. Sisi tumechagua njia ya misamaha zaidi kuliko ruzuku: mwekezaji aliyeingia chini ya utaratibu wa maeneo maalumu ya kuzalisha kwa ajili ya kuuza nje, ulioletwa na sheria ya mwaka 2002 na kudumu hadi sheria mpya ya mwaka 2025, alisamehewa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10 ya mwanzo. Msamaha una faida moja, kwamba asiyezalisha hana anachosamehewa. Una hasara pia, kwamba humvuta zaidi yule ambaye angekuja hata bila huo, na haumsaidii mtu wa Unga Limited asiye na ujuzi unaotakiwa getini.

Na hapo ndipo pa kwako. Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa na programu ya taifa ya kukuza ujuzi ambayo Serikali huwalipia vijana gharama za mafunzo, na sehemu yake moja ni kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi aliyejifunzia gereji hupimwa, hupewa mafunzo ya kujazia alipopungukiwa, kisha hupewa cheti cha VETA. Fedha hiyo hairejeshwi, kwa hiyo ni ruzuku kamili ingawa haipiti mkononi mwako. Ulizia katika chuo cha VETA kilicho karibu nawe na kwa ofisi ya vijana ya halmashauri nafasi zinapotangazwa. Mwenye cheti cha ufundi wa magari katika mji uliojaa magari ya safari, ambayo hurudi kutoka Serengeti na Ngorongoro yakiwa na kazi ya kutosha kwenye matairi, shoki na springi, ana mnunuzi wa ujuzi wake tayari. Hatahitaji kungoja kiwanda.

Swali. Ndugu Mwandishi, mimi ni mtendaji wa kijiji upande wa Kibosho. Chama chetu cha msingi cha ushirika kinaandaa andiko la kuomba ruzuku ya mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa. Mtaalamu tuliyemwajiri ameandika kwamba mradi utazalisha ajira 300. Nimemuuliza amezipataje, akasema wafadhili wanapenda namba kubwa. Je, ajira huhesabiwaje? Pia wanatutaka tuonyeshe mchango wetu, nasi hatuna fedha.

Jibu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuweka mhuri. Tuchukue mfano. Tuseme mtambo utahitaji watu 60 wakati wa msimu, na kwa Kilimanjaro mavuno ya arabika huanza karibu na Julai na kuendelea hadi Desemba, lakini siku zenye kazi nyingi tuzihesabu kuwa 90. Watu 60 kwa siku 90 ni siku-kazi 5,400. Mtu mwenye ajira ya mwaka mzima hufanya kazi siku zipatazo 300. Gawanya: unapata ajira kamili 18. Huyo mtaalamu akijumlisha kila mwanachama atakayeleta kahawa yake, mke wake, mwenye punda na mwenye bodaboda, anaweza kufika 300 bila kutokwa jasho, lakini mkaguzi atakapokuja mwaka wa pili na kuomba daftari la mahudhurio, wewe ndiye utakayekuwa ofisini.

Namba 18 haina aibu. Andikeni zote mbili kwa uwazi: watu 60 wa msimu, sawa na ajira 18 za mwaka mzima, na kati yao mafundi wangapi wa kudumu. TASAF yenyewe husema wazi kwamba kazi zake za ujenzi wa miundombinu ni za muda, siku 60 kwa mwaka kwa kaya, na hakuna aliyeidharau kwa hilo.

Kuna hesabu nyingine ambayo ni wachache wanaoifanya. Kahawa hiyo sasa inamenywa wapi? Nyumbani, kwa mashine ya mkono, na mara nyingi anayeizungusha ni mama au kijana wa mwenye shamba. Mtambo wa pamoja utaiondoa kazi hiyo nyumbani na kuipeleka kituoni. Kwa sehemu hiyo hamjazalisha ajira, mmeihamisha, ingawa aliyekuwa hapati malipo sasa anaweza kulipwa. Faida halisi ya mtambo ni ubora: kahawa iliyomenywa, kuchachushwa na kuoshwa kwa namna moja hupata daraja zuri na bei nzuri mnadani Moshi kuliko mchanganyiko wa kahawa za nyumba mia mbili. Bei hiyo ikimfikia mkulima, naye akarudi kuipalilia na kuipogolea mibuni aliyoitelekeza, ajira za shambani zitaongezeka zenyewe, na hilo ndilo la kuliweka mbele katika andiko. Ushirika wa kahawa wa mkoa huu, uliosajiliwa kwa jina la KNCU mwaka 1933, ulisimama juu ya jambo hilohilo la kukusanya kahawa ya wanachama na kuiuza kwa pamoja.

Kuhusu mchango, kijiji cha Kibosho kusema hakina cha kuchangia ni kujidhulumu. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, ni mchango. Siku mtakayochimba msingi, hesabuni watu na siku, mzidishe kwa ujira wa kibarua unaolipwa kijijini, mweke saini na muhtasari wa mkutano. Wafadhili wengi hukubali nguvu kazi iliyothaminiwa kwa haki. Kiwanja cha chama nacho ni mchango, mradi kiwe na hati au muhtasari wa halmashauri ya kijiji usiobishaniwa na ukoo wowote. Mchanga, mawe, miti ya mwanachama aliyejitolea, vyote viorodheshwe kwa bei ya soko la huko huko.

Nikuongezee jambo moja ambalo hukuuliza. Mtambo wa kumenya hunywa maji mengi na kutoa maji machafu yenye uchachu, na chini yenu kuna watu wanaotumia mfongo (mfereji wa maji) huohuo. Kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako hapo Moshi. Kipateni, na mchore mahali pa mashimo ya kutulizia maji machafu, kabla andiko halijaondoka. Nimeona mradi mzuri ukikaa karibu mwaka mzima bila kuanza kwa sababu kijiji cha chini kilipeleka malalamiko, na kilikuwa na haki.

Kama mnataka mtu wa kuupitia mpango wenu wa biashara bila kuuza ndoto, Chuo Kikuu cha Ushirika kiko mlangoni kwenu. Kimekuwa kikifundisha watendaji wa ushirika tangu 1963. Kwa upande wa mtambo wenyewe, kabla ya kuagiza nje, waulizeni CAMARTEC na TEMDO, taasisi za umma za kubuni zana na mitambo zilizoko Arusha, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani kwenu, kama kuna kinachoweza kutengenezwa au kukarabatiwa hapa. Vipuri vikipatikana Arusha, mtambo ukikwama katikati ya Oktoba mtapoteza siku mbili badala ya msimu.

Swali. Mwandishi, nimetumiwa ujumbe kwamba kikundi chetu cha vijana hapa Sombetini kimechaguliwa kupata ruzuku ya ajira ya shilingi milioni 15, na tutume shilingi 45,000 ya fomu na uhakiki kwa namba ya simu kabla ya saa kumi. Barua yenyewe ina nembo ya Serikali. Wenzangu wameshachanga. Tutume?

Jibu. Msitume. Rudishieni kila mmoja alichochanga leo hii. Hamkuomba ruzuku yoyote, kwa hiyo hakuna aliyewachagua. Mfadhili wa kweli hukata gharama zake katika fungu lake mwenyewe na hupeleka fedha kwenye akaunti ya benki ya kikundi yenye watia saini wanaojulikana. Na fungu la halmashauri hupitia kwa maafisa wa kata na halmashauri ambao mnaweza kwenda kuwaona ana kwa ana. Nembo hunakiliwa na mtoto yeyote mwenye simu. Namba iliyowatumia ujumbe huo itumeni kwenda 15040, ambayo ni namba ya kuripoti utapeli wa mitandao ya simu, na kama yupo mwenzenu aliyekwisha kutuma fedha, apige simu huduma kwa wateja ya mtandao wake mara moja kuomba muamala uzuiwe, kisha aende kituo cha polisi akiwa na ujumbe huo bila kuufuta.